Mama ana presha, zahanati inadai alipe SHA kwanza

Pole, dada. Umeuliza kama ni lazima mama alipe mchango wa mwaka mzima wa SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali hapa Kenya) ndipo apimwe presha hapo kijijini. La. Zahanati na kituo cha afya cha umma hulipwa na Mfuko wa Afya ya Msingi. Mama anatakiwa awe amesajiliwa tu. Mchango unahusu hasa hospitali kubwa, yaani za kiwango cha 4 kwenda juu.

Kizungumkuti ni dawa. Kwetu kabati hukaa tupu wiki nzima, kwa hiyo mimi humpigia kwanza mhudumu wa afya ya jamii, yule wa mkoba wenye mashine ya presha. Posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, tena huchelewa, akikawia mvumilie.