Awe mmoja, na awe na ruhusa ya kushika simu yako

Swali la wiki hii lilikuwa kama Mkristo anahitaji mwenzake wa kumuuliza ndio ashinde majaribu ama Roho Mtakatifu anatosha. Mie nipo Malindi na jibu langu ni anahitaji, tena sana, ila si kwa ile namna tunayofanya makanisani wengi wetu.

Manake kanisani tukisema tunawajibishana huwa ni ile ya "ndugu waendeleaje kiroho?" nawe wajibu "namshukuru Mungu," basi imeisha, kila mtu anaenda zake. Hilo si swali, hiyo ni salamu. Nawajua jamaa wawili hapa mtaa wa Barani, mmoja dereva wa tuktuk mwingine ni kuki wa hoteli, wote walikuwa wamenaswa na kubeti, sasa wao jumapili ibada ikiisha wanakaa chini ya mkungu pale nje wanabadilishana simu, yaani huyu ashika ya yule anasoma mesiji za M-Pesa za wiki nzima moja moja. "Hii elfu moja mia tano saa saba usiku ni ya nini?" Na unajibu hapo hapo, hakuna kusema tuombe kwanza. Wakimaliza ndio wanaomba. Nilicheka siku ya kwanza kuwaona lakini ukifikiria, jaribu la kubeti halikuji mchana ukiwa na watu, lakuja usiku uko peke yako na bando, na kinachokusimamisha saa hiyo ni kujua jumapili kuna mtu ataiona hiyo mesiji, na ukiifuta ataona salio halilingani.

Watu wataniambia Mungu anaona yote kwa hivyo mtu wa nini. Sawa, lakini Daudi hakujua Mungu anaona? Soma 2 Samweli 11 polepole, alituma watu waulize yule mwanamke aliyemuona akioga ni nani, akatuma tena wamlete, yaani ikulu nzima ilijua na hakuna hata mmoja aliyemwambia mfalme wangu hapana. Nabii Nathani anakuja kumkemea mtoto ashazaliwa na Uria, mume wa yule mwanamke, ashakufa. Watumishi walikuwa tele, wa kumuuliza hakuna. Na Yakobo 5:16 inasema tuungamiane dhambi sisi kwa sisi, na wale wazee wa Uamsho wa makanisa ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 walilichukua hilo vile lilivyo, wakaita kutembea nuruni.

Hata majirani zetu Waislamu hapa mjini, Ramadhani ikiingia mchana ni nadra kumuona mmoja wao akila hadharani, wanashikana, na kijana ambaye angeshindwa akiwa peke yake huko mbali hapa anafunga mwezi wote.

Sasa najua kuna msomaji atasema na Shakahola je? Swali la haki kabisa, sisi wa huku hatuwezi kuongea mambo haya kama Shakahola haikutokea, 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kwenye ule msitu, ya waumini wa mhubiri Mackenzie walioambiwa wafunge mpaka wafe, na si mbali na hapa. Lakini angalia vizuri, pale waumini waliulizwa kila kitu, wakatengwa na jamaa zao, huku aliye juu haulizwi na mtu. Huko kunaitwa kutawaliwa. Wale wawili wa mkungu simu zinabadilishwa, anayeuliza leo naye ataulizwa dakika kumi baadaye, na kila mmoja ana mke na ndugu na mchungaji wanaojua hii habari. Kwangu mie mchungaji asiye na mtu wa kumuuliza pesa na safari zake hafai kuuliza za wengine, anikasirikie tu.

Halafu huyo wa kukuuliza awe mmoja. Kikundi cha watu kumi cha wasapu siku ya tatu habari yako ishafika sokoni, na wanawake mtanielewa zaidi hapa kwa sababu dada akiungama mbele ya watu anabebeshwa aibu hiyo miaka, kaka anapigiwa makofi. Mwanamke amtafute mwanamke mwenzake.

Na jamani usichague mtu anayekudai. Nimeona imeharibika hivyo, jamaa akianza kuuliza pesa zimeenda wapi yule mwingine hajui huyu anauliza kama ndugu katika Bwana ama anatafuta elfu mbili zake.