Meseji zinajifuta baada ya saa 24: nitashikaje ushahidi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Niko Newala. Nimeshika simu ya binti yangu wa miaka 14 nikakuta mwanamume tusiyemjua anamchombeza WhatsApp, anamwomba picha za utupu. Ameshamtumia hela ya bando mara kadhaa. Meseji zake zinajifuta baada ya saa 24. Nimbloku, au nifanyeje?

Jibu: Pole sana, mama. Usimbloku kwanza, usimjibu, na usifute kitu. Mtu anayemwekea mtoto meseji za kujifuta anajua anachokificha.

Tafuta simu nyingine leo hii, upige picha kioo cha simu ya binti. Anza na ukurasa wa taarifa zake, namba yenyewe isomeke, kwa sababu jina na picha ya wasifu hubadilishwa wakati wowote. Kisha rekodi video ukipandisha mazungumzo taratibu, tarehe na saa zionekane. Usitumie kitufe cha kuhifadhi meseji ndani ya chati: WhatsApp humjulisha aliyetuma, naye anaweza kukataa isihifadhiwe. Ukizima mpangilio wa kujifuta, tangazo litatokea kwenye chati na ataliona, na meseji zilizokwisha kutumwa zitajifuta vilevile. Kuzima data kutamzuia kufuta akiwa mbali, lakini zile saa 24 zinaendelea kuhesabika ndani ya simu.

Kama kuna picha ya utupu ya binti, hiyo usiipige picha wala usimrushie mtu, hata shangazi yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za mtoto. Iache ilipo, polisi wataiona kwenye simu yenyewe.

Sasa hiyo hela ya bando. Hapo ndipo amejiacha wazi, maana meseji ya muamala haijifuti kama za WhatsApp. Ifungue uone: ina kiasi, kumbukumbu namba, tarehe na saa, na mara nyingi jina lililosajili laini. Laini zetu zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo hata akiwa ametumia laini ya mwenzake, polisi wana pa kuanzia. Na kama binti ameshaifuta, usikate tamaa. Kumbukumbu za muamala ziko kwenye mtandao wa simu, na polisi wanaweza kuziomba.

Peleka simu, ikiwa na chaji na namba ya kuifungulia, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Ukihitaji ushauri kabla ya kwenda, piga 116, ni bure. Wakishachukua maelezo, waulize lini umbloku. Usijifanye binti ukamwita mahali ili vijana wa mtaani wamkamate; atashtuka, au mtu ataumia.

Muulize binti kwa upole kama wamewahi kuonana. Kama amemwingilia, nendeni hospitali mara moja bila kuoga wala kufua nguo alizovaa: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Na tafadhali, mama, usimpige. Aliyekosa ni huyo mtu mzima, na polisi watahitaji binti aeleze yote bila woga.