Maziwa yasiyo na laktosi: utamu umetoka wapi?

SWALI: Mwalimu, tumbo langu halipatani na maziwa. Nikinywa glasi moja tu linajaa gesi na kunguruma usiku kucha. Sasa nanunua yaliyoandikwa "hayana laktosi" na nimepata nafuu. Lakini mbona ni matamu kupita ya kawaida, na kwenye pakiti sukari haikutajwa kuongezwa? Tunadanganywa?
Mama Wawili

JIBU: Mama, hudanganywi. Sukari hiyo ilikuwamo tangu ng'ombe alipokamuliwa. Kiwandani wameikata tu.

Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na zikiwa zimeshikana ulimi hauzihisi sana. Hutiwa laktasi (tazama herufi vizuri: laktosi ni sukari, laktasi ni kimeng'enya), ambayo mara nyingi hupatikana kwa kukuza chachu au kuvu. Laktasi hukikata kile kiungo cha katikati, na sukari zikishaachana utamu unapanda. Kazi hiyo utumbo wako mdogo umeshindwa kuimaliza. Laktosi ikifika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria huichachusha, na ndiyo hiyo gesi ya usiku.

Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu kwa vijiti vya kupima glukosi kwenye mkojo. Tulichovya kimoja kwenye maziwa ya kawaida, rangi haikubadilika. Tukatia matone ya laktasi, tukasubiri nusu saa, tukachovya kingine: rangi ikageuka mbele ya macho yao. Darasa zima likanyamaza. Hakuna aliyekuwa ametia hata chembe ya sukari.

Ila nakuomba ushike hili, maana wengi hulikosea na linaniumiza: "hayana laktosi" si "hayana sukari". Kwa kawaida bado zimo gramu 5 hivi katika kila mililita 100, kama mwanzo, kwa hiyo mwenye kisukari azihesabu. Mtoto mchanga aliyezaliwa na galaktosemia (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuitumia galaktosi) asipewe kabisa, kwa kuwa galaktosi yote imo. Na mwenye mzio wa maziwa hayamfai, protini hazijaguswa.

Ukiyapika, tumia moto mdogo. Glukosi na galaktosi zikiwa huru hushikana na protini upesi zaidi, na maziwa huwa ya kahawia kabla hujageuka.