Hesabu zilinitoa jasho, nitauweza umeme?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimepata nafasi ya kusomea ufundi umeme katika chuo cha jamii, lakini hesabu shuleni zilinitoa jasho. Nitamudu kweli?

JIBU: Marahaba, kijana. Hesabu za kuanzia ni kuzidisha na kugawanya tu. Birika la umeme la wati 2,300 kwenye volti 230: gawanya wati kwa volti, utaona linavuta ampea 10, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya. Hapo unaanza kuchagua waya na fyuzi.

Mimi ningekuuliza zaidi habari ya subira. Kabla hujagusa waya, jaribu testa yako, kifaa cha kupimia kama umeme upo, mahali unapojua upo, kisha pima waya uliouzima, halafu rudi kuijaribu testa palepale mwanzo. Hiyo mara ya tatu ndiyo wanafunzi wanayoiruka, uvivu mtupu, ilhali testa inaweza kufa katikati ya kazi ikakuambia hakuna umeme na kumbe upo.

Halafu, cheti cha chuo pekee mara nyingi hakikupi leseni. Ulizia mapema saa za kufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni zinahesabiwaje. Na kama rangi zinakuchanganya macho, mwambie mwalimu siku ya kwanza, maana nyaya tunazitambua kwa rangi.