Jibu: Taa ya injini imewaka baada ya kubadilisha pampu ya maji na thamostati

Habari ndugu. Nimeelewa kwamba taa ya injini iliwaka siku 2 baada ya fundi kubadilisha pampu ya maji na thamostati (vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate joto), ilhali geji ya joto inabaki chini na gari halichemshi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, subiri injini ipoe kabisa, kisha fungua kifuniko cha rejeta utazame kiwango cha maji, kwa sababu mfumo wa kupoza injini ukimwagwa maji wakati wa kazi hubaki na hewa ndani, na hewa hiyo inapotoka kidogo kidogo kiwango hushuka. Sensa ya joto iliyozungukwa na hewa haipimi sawasawa.

Maji yakiwa kamili, soma kodi (namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari) kwa mashine ya uchunguzi na uiandike kabla ya kuifuta. Bila kodi hiyo siwezi kukuambia tatizo ni lipi. Kodi P0128 ina maana kwamba injini haifikii joto linalotarajiwa kwa wakati, na mara nyingi chanzo ni thamostati iliyokwama wazi. Gari langu lilionyesha kodi hiyohiyo, nami nikapoteza wiki nzima nikikagua waya, kwa kuwa sikuamini kwamba thamostati mpya ingeweza kuwa mbovu. Kodi P0118 huelekeza kwenye umeme wa sensa ya joto: kagua kwanza soketi ya sensa, ambayo huenda ilichomolewa wakati wa kazi na haikurudishwa vizuri.

Ikiwaka taa nyekundu ya joto, simama na uzime injini mara moja.