Barua kwa mwanangu: hukumu ni ya nani?

Bagamoyo

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Unasema wenzio bwenini wanadai kwamba anayefuata sheria za Bunge ametoka katika Uislamu, nawe hukuwa na la kuwajibu.

Aya wanayoisoma ipo, al-Maida 44: wasiohukumu kwa aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, hao ndio makafiri. Ila Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, amepokewa akisema kufuru inayotajwa pale si ile ya kumtoa mtu katika dini. Na hoja yenyewe ni kongwe. Makhawariji, kundi lililojitenga na Khalifa Sayyidna Ali, walimkabili wakisema hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Akawajibu: neno la haki, lililokusudiwa batili. Mwaka 661 mmoja wao, Ibn Muljam, akampiga upanga msikitini, katika mji wa Kufa, Iraq. Nao hawakuwa wahuni, baba. Walikuwa watu wa sala na saumu.

Waulize basi: hiyo serikali ya dini wanayoitaka itashika tafsiri ya nani? Iran tangu 1979 mwanachuoni wa Kishia ndiye mkuu wa dola. Saudia chimbuko lake ni mapatano ya 1744 kati ya mtawala Muhammad bin Saud na mwanachuoni wa Kisunni Muhammad bin Abdul-Wahhab. Kila mmoja ameshika Qur'ani, na hawaelewani. Halafu Imam Ahmad bin Hanbal, ambaye najua hawaishi kumtaja: alifungwa na kuchapwa mijeledi Baghdad kwa kukataa itikadi aliyoilazimisha Khalifa Maamun mwaka 833. Aliyeamuru achapwe aliitwa Amirul-muuminin, kiongozi wa waumini.

Asiyesoma maulidi mimi simgombi. Ana dalili zake, na jirani yetu mmoja ni hivyo hivyo, tunazikana vizuri tu. Ninayemwogopa ni anayetaka askari amsaidie kunikataza. Timbuktu, Mali, mwaka 2012 wapiganaji wa namna hiyo waliposhika mji walivunja makaburi ya mawalii, tena ya Waislamu. Hapa kwetu wangeanza wapi kama si kwenye kaburi la Sheikh Ramiya, aliyeletwa pwani mtumwa akawa khalifa wa tarika ya Kadiria?

Suala la kadhi, hakimu wa Kiislamu, usilichanganye na hayo. Zanzibar wapo, na Kenya wamo katika Katiba ya 2010, ibara ya 170: ndoa, talaka, mirathi, kwa Waislamu waliokubali kesi yao iende kwake. Kudai hilo ni haki ya raia, na mimi mwenyewe nimo. Wakikuita kafiri kwa kusema hivi, badili chumba. Nauli ya kuhamisha godoro nitatuma.

Mama yako