Mwanangu, acha pembe za shamba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu.

Umeniuliza mambo mawili, nami nayarudia hapa ili mke wako naye akiisoma barua hii ajue tunazungumzia nini. La kwanza: kupika kila kitu nyumbani tangu mwanzo, maharage ya kuloweka, mkate wa kukanda wenyewe, kunaokoa hela kweli, au ni kujichosha bure wakati nyote wawili mnarudi kazini hoi? La pili ni zito zaidi. Umesema siku hizi unahesabu kila senti, unajua mkate umebaki vipande vingapi, na mtu akibisha hodi jioni moyo unakushuka. Unauliza kama kuhesabu namna hiyo ni hekima au ni kupungukiwa imani.

Naanza na hilo la pili, maana ukilikosea, hata upike kwa ustadi wa namna gani nyumba itakuwa baridi.

Kuhesabu si dhambi, baba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Bwana mwenyewe alisema mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Wala kuweka akiba si kukosa imani. Watu hupenda kukumbusha habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, kwamba waliobakiza mpaka asubuhi waliikuta imeoza na kuingia mabuu. Ni kweli, imeandikwa katika Kutoka 16. Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo: siku ya sita waliambiwa waokote maradufu na kuweka ya kesho, na ile haikuoza. Mungu aliyekataza kubakiza siku moja ndiye aliyeagiza kubakiza siku nyingine. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba gunia la maharage stoo ni ushahidi kwamba humtegemei Mungu.

Shida haiko kwenye ghala. Iko kwa yule ambaye ghala linajengwa kwa ajili yake. Maandiko yana ghala mbili ambazo napenda uziweke ubavu kwa ubavu. Ya Yusufu kule Misri: alitenga sehemu moja ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, na njaa ilipoingia wakala Wamisri, wakala na watu wa nchi nyingine, wakiwamo ndugu zake wale wale waliomuuza. Na ya yule tajiri wa Luka 12, aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Sikiliza anavyozungumza: mavuno yangu, vitu vyangu, nafsi yangu. Katika maneno yake yote hamna mtu wa pili. Alikuwa mpangaji mzuri kama Yusufu, pengine zaidi, na bado usiku ule ule akaitwa mpumbavu.

Sasa nirudi kwako. Moyo wako haushuki mgeni anapobisha kwa sababu unahesabu. Unashuka kwa sababu ulipohesabu, mgeni hukumtia. Chakula chote ulishakigawa kwa waliomo ndani, mpaka kipande cha mwisho, kwa hiyo yeyote anayeingia anaonekana amekuja kuchukua cha mtu. Hata yule mzee jirani yako uliyemtaja, anayeishi peke yake, ambaye nina hakika hakuja kwa ajili ya chakula.

Dawa yake si kuacha kuhesabu. Katika Walawi 19 wenye mashamba waliagizwa wasivune mpaka pembeni kabisa, wala wasirudi kuokota masazo. Pembe ziachiwe maskini na mgeni. Mkulima wa namna hiyo anajua kabisa shamba lake lina ukubwa gani. Anahesabu, ila pembe ameziondoa kwenye hesabu kabla hajanoa mundu. Na Boazi, mwenye shamba katika kitabu cha Ruthu, alikwenda mbali zaidi: aliwaambia vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda kwa makusudi, wamwachie Ruthu, yule mjane mgeni, ayaokote, tena wasimkemee. Napenda sana hilo la kutokemea.

Basi na ninyi fanyeni hivyo. Mnapopanga bajeti ya mwezi, kabla ya kodi na nauli na chochote, tengeni pembe: sadaka yenu, na kiasi fulani cha chakula kisicho cha mtu yeyote wa humo ndani. Si lazima kiwe kikubwa. Bakuli mbili za maharage yaliyoiva kwenye friza, zimeandikwa juu kwamba ni za wageni, na asiziguse mtu. Akibisha mtu hodi, unatoa chake. Hujapunguza sahani ya mtoto, wala uso wako hauna sababu ya kukunjamana. Mgeni njoo mwenyeji apone: utashangaa watoto wenu wanavyochangamka mezani akiwapo mtu mwingine.

Haya, tuje jikoni.

Usipike kila kitu tangu mwanzo. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaofanya jambo hili kama mashindano, na wanaishia kuchoka na kununua vyakula vya tayari kwa hasira. Tambi nunua. Siagi nunua. Nguvu zako ziweke mahali ambapo kazi kidogo inaokoa fedha nyingi, na kwa uzoefu wangu ni maharage, supu ya mifupa, mkate, na viporo. Viporo kuliko vyote.

Maharage makavu kikombe kimoja yakiiva hutoa vikombe viwili na nusu hadi vitatu, na kazi yenyewe ni ya sufuria, si yako. Yaloweke usiku kucha kwenye maji mengi, na asubuhi maji hayo uyamwage, utie mapya. Kisha nisikilize vizuri, hasa kama ni maharage mekundu: lazima yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, si kutokota polepole. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na mtu akiyala nusu mabichi hutapika ndani ya saa chache. Dakika 10 za kuchemka kweli kweli ndiyo kiwango cha chini kabisa. Mimi huacha dakika 30. Hapo ndipo unapunguza moto. Nyanya, limau au siki usitie mpaka yalainike, kwa sababu uchachu huyafanya yabaki magumu hata ukipika mpaka jioni. Na kama yamelowekwa, yamechemshwa ipasavyo na bado hayalainiki, usijilaumu. Yalikaa mno stoo au dukani. Ndiyo maana mfuko mpya huwekwa nyuma ya wa zamani, siku zote.

Ukitaka kuokoa moto, yakishachemka hizo dakika 30, funika sufuria ikiwa inatokota na imejaa, izungushie taulo nene, kisha iviringishe blanketi zima na uiache kwa saa tatu au nne. Yanaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Ukiifunua irudishe motoni ichemke tena, ndipo uunge. Bibi yako aliyefahamu sana mambo ya kuni alikuwa akifanya hivyo, na mimi sijaona sababu ya kuacha.

Mifupa ya kuku usiitupe. Weka kwenye mfuko ndani ya friza pamoja na vichwa vya vitunguu, maganda ya karoti na mashina ya majani. Ukijaa, funika kwa maji, moto mdogo, saa tatu au nne, chuja. Basi.

Kuhusu mkate, umesema huna muda wa kukanda. Usikande. Kabla ya kulala changanya gramu 500 za unga wa ngano, gramu 10 za chumvi, robo kijiko cha chai cha hamira kavu na gramu 350 za maji. Koroga mpaka unga mkavu usionekane, funika, nenda kalale. Utaona ni kitu kinachonata, kibaya kukitazama, utadhani umeharibu. Baada ya saa kama 12 kitakuwa kimeumuka, juu kimejaa vitundu vya hewa. Kikunje mara chache kwa mikono yenye unga, kiache saa moja au zaidi, huku sufuria nzito yenye mfuniko ikipata moto ndani ya oveni kwenye nyuzi 230. Tumbukiza humo, funika dakika 30, funua dakika 15. Hamira kidogo na muda mrefu ndivyo vinavyofanya kazi ya mikono, na ladha yake ni nzuri kuliko ya mkate wa haraka. Muda wako hasa hauzidi dakika 15, ila uwe mtu wa kukumbuka usiku.

Viporo sasa. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kwamba katika mwaka 2022 pekee dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 kilitupwa majumbani. Si madukani wala hotelini, majumbani. Kwa hiyo kabla hujakata chochote kwenye orodha ya manunuzi, fungua friji uangalie unachotupa. Mimi ninaamini nyumba nyingi zingepata nafuu hapo tu. Tengeni rafu moja, ile ya usawa wa macho, iwe ya vya kuliwa kwanza, na siku moja katika juma msipike kipya mpaka rafu hiyo iwe tupu.

Lakini kubana matumizi kusiwe sababu ya kuuguza watu. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi: vijidudu vyake huweza kuvumilia kupikwa, na wali ukiachwa hivi hivi vinatoa sumu ambayo hata ukipasha moto haiondoki. Utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji. Na ukishauriwa uhifadhi maharage au nyama kwenye chupa kwa kuchemsha tu kwenye sufuria ya kawaida, kataa. Viini vinavyoleta sumu ya botulini havifi kwa maji yanayochemka. Weka kwenye friza.

Ninapopanga viporo huwa nakumbuka Yohana 6. Bwana alikuwa ametoka kulisha watu elfu tano kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Angeweza kufanya hivyo tena kesho yake bila kupungukiwa. Hata hivyo aliwaambia wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha bila mwisho ndiye aliyejali makombo. Hakuyajali kwa hofu ya kukosa. Ninapofunika bakuli la mchuzi wa jana nataka mkono wangu uwe na heshima hiyo hiyo, na nataka watoto wako wajifunze hivyo, wasijifunze kwa kuona baba yao anavyoshtuka kipande kikianguka.

Umesema mnarudi mmechoka. Basi msipike mkiwa mmechoka. Pikeni Jumamosi kwa ajili ya Jumapili na siku mbili za mbele, watoto wakichambua maharage mezani, hata wakiyamwaga. Wale wa jangwani nao waliandaa mapema ili siku ya Bwana wapumzike. Sijui kwa nini tumefika mahali Jumapili baada ya ibada mtu mmoja anabaki peke yake jikoni mpaka saa tisa na wengine wanaita hiyo ni siku ya mapumziko. Kwenu isiwe hivyo.

Limebaki moja, nalo hukuliuliza ila umeligusa. Umeandika kwamba juzi mke wako alinunua mkate njiani akiwa amechoka, nawe hukusema kitu, ila ulikaa kimya mpaka mkalala. Mwanangu, mkate mmoja haukuwafilisi. Kilichoharibu chakula cha jioni ni kimya chako, na watoto walikiona. Mwombe radhi. Kisha kaeni wote wawili na daftari, si wewe uliyeshika kalamu na yeye amesimama kama anahojiwa. Ombeni kwanza, halafu yeye aandike pembe ya mwezi huu, kiasi anachoona moyoni, na wewe usikipunguze. Ndani ya bajeti hiyo hiyo wekeni fungu la siku za kuchoka, la mkate wa kununua, ili akilitumia asihitaji kujieleza kwa mtu.

Mwambie pia ile hamira anayoitumia ajaribu kwanza: aitie kijiko kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo, na isipotoa povu kwa dakika 10 aitupe, asipoteze unga wake.

Wabusu watoto. Nawaombea kila usiku, kwa majina.

Mama yako